Nyota za Vumbi

Wengi wanaoshuka treni Göttingen huwa wamefuata majina makubwa. Katika mji huu wa katikati ya Ujerumani, Carl Friedrich Gauss alifanya kazi karibu nusu karne, Werner Heisenberg alianza kujulikana akiwa bado kijana, na Max Planck amezikwa kwenye makaburi ya mji. Mimi nilimfuata mwingine, ambaye sikumbuki kumsoma popote nikiwa sekondari: Georg Christoph Lichtenberg, mtu mfupi mwenye kibiongo, aliyezaliwa 1742 na kufariki 1799, ambaye mwaka 1777 aliona vumbi likijipanga lenyewe mbele ya macho yake na hakukimbilia kulifuta.

Vumbi ndilo linalonilisha. Mimi ni mhandisi wa kemikali, na nikisema hivyo nyumbani Newala, kusini mwa Tanzania, watu hudhani natengeneza sabuni au rangi. Huwa nawaacha wadhani hivyo, maana kueleza kazi yenyewe kunataka muda na birika la chai: napima umeme unaozaliwa ndani ya unga. Unga wowote, uwe sembe, sukari, saruji au dawa ambayo haijagandamizwa bado kuwa vidonge, ukipitishwa kwenye bomba chembe zake hugonga kuta na kugongana zenyewe kwa zenyewe. Kila zinapogusana na kuachana, chaji kidogo huhama upande mmoja kwenda wa pili. Chembe moja haimtishi mtu. Lakini kilo moja ya unga wenye chembe za upana wa mikroni 50 ina chembe karibu bilioni kumi, na kila moja imeshagonga ukuta mara nyingi kabla haijafika mwisho wa bomba. Zikishajikusanya kwenye silo, zile chaji ndogondogo huwa jambo jingine kabisa.

Kwa upande wangu habari hii ilianza na salfa. Uwanda wa Makonde, iliko Newala, unaishi kwa korosho, na mkorosho una adui anayeitwa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga. Dawa yake ya miaka yote ni salfa ya unga. Mikorosho inapochanua wakati wa kiangazi, watu huamka kabla jua halijatoka, upepo ukiwa umelala na umande bado uko majanini, wanabeba mashine ya injini mgongoni na kuelekeza bomba lake juu. Wingu la njano hupanda na kuuvaa mti mzima. Macho yanawasha, shati linageuka rangi, na harufu inabaki kwenye nywele hata ukioga mara mbili. Utotoni kazi yangu ilikuwa kujaza mashine, na kilichonishangaza ni kwamba salfa ilikamata hata upande wa chini wa jani, mahali ambapo kitu kinachoanguka kutoka juu hakikuwa na sababu ya kufika.

Chembe iliyochajiwa ikikaribia jani lenye majimaji, huvuta chaji ya kinyume ndani ya jani hilo, na viwili hivyo vikavutana. Hilo fizikia inalijua siku nyingi. Ila ni kiasi gani cha salfa hushika kwa njia hiyo, na kiasi gani hushikwa na umande au kuzungushwa na upepo wa mashine tu, hilo halina jibu jepesi. Ndilo nililokwenda nalo Braunschweig, mji ulio kaskazini ya Göttingen, kwenye maabara iliyonikaribisha kwa muda.

Braunschweig ni mji wa watu wanaopenda kupima. Hapo ndipo ilipo PTB, taasisi ya taifa ya vipimo, yenye saa za atomiki zinazoweka saa halali ya Ujerumani nzima. Watu wa TBS, shirika la viwango la Tanzania, na wenzao wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaijua, maana imeshirikiana nao kwa miaka katika mambo ya viwango. Ndani ya eneo lake, katikati ya miti, wapo pia wanaochunguza jinsi unga unavyojichaji unaposukumwa na hewa kwenye mabomba. Nilifarijika kuona kwamba swali langu la shambani lina majirani wenye heshima zao.

Kifaa ninachokitumia zaidi hakina makuu. Ni makopo mawili ya chuma, dogo ndani ya kubwa, yaliyotenganishwa kwa plastiki isiyopitisha umeme. Kopo la nje linaunganishwa na ethi, la ndani na mita inayosoma chaji. Michael Faraday alifanya jaribio la namna hii mwaka 1843 kwa ndoo ya kuwekea barafu, na hadi leo sijaona kilicho bora zaidi kwa gharama ndogo hivyo. Unamimina unga kwenye mfereji wa chuma uliolazwa kwa mteremko, unga unateleza na kudondokea kopo la ndani, unasoma mita, unapima uzito, unagawanya. Jibu ni chaji kwa kila kilo, pamoja na alama mbele yake: chanya au hasi.

Unga wa muhogo nilikuja nao kutoka nyumbani, mfuko ndani ya mfuko. Ofisa wa forodha alinitazama, akautazama ule weupe, akanitazama tena. Nilimwambia tunaula. Salfa sikuibeba, inawaka kirahisi na ndege za abiria haziitaki, basi niliinunua hukohuko.

Januari ni msimu mzuri kwa kazi yangu na mbaya kwa vidole. Hewa ya nje yenye nyuzi sifuri, hata ikiwa imeshiba mvuke, hubeba maji yasiyofika gramu 5 kwa mita ya ujazo. Ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 22 bila kuiongezea maji, unyevu wake hubaki robo tu ya kile inachoweza kubeba. Ngozi inakauka, sweta linalia ukilivua, kila kitasa cha mlango kinakupiga. Mtu aliyekulia pwani, ambako asubuhi unyevu unavuka asilimia 80 bila kujitahidi, anaweza kufikisha miaka thelathini hajawahi kupigwa na kitasa. Mara ya kwanza nilidhani nyaya za jengo zimeoza.

Kutoka Braunschweig hadi Göttingen ni kama saa moja kwa treni ya kasi, kupitia Hildesheim. Ardhi ni tambarare, udongo mweusi, nchi ya viazisukari, na wakati huo mashamba yalikuwa tupu isipokuwa marundo machache yaliyofunikwa kando ya njia. Mwenzangu wa maabara alikuwa ameniambia kwa mzaha kwamba kati ya sukari, ngano na salfa tumejichagulia unga wa kulipuka tu. Mzaha wenyewe una mizizi. Desemba 1785 huko Turin, Italia, ghala la unga la mwoka mikate lililipuka kwa moto wa taa tu, na taarifa yake iliyoandikwa na Count Morozzo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Karibu na hapa, Bremen, tarehe 6 Februari 1979, vumbi la unga lililipua kinu cha Roland na kuua watu 14. Sisemi umeme tuli ndio uliowasha moto huo. Nasema unga ukishatanda hewani hauulizi cheche imetoka wapi.

Kinachotofautiana ni ukubwa wa cheche inayotakiwa. Vumbi la ngano huhitaji makumi ya milijuli. Mtu aliyejichaji vizuri kwa kutembea juu ya zulia kavu anaweza kutoa milijuli kumi na kitu, pengine ishirini, kwa ncha ya kidole. Salfa inatosheka na chini ya moja. Hiyo ndiyo salfa tuliyokuwa tukiimimina kwenye mashine zenye injini ya petroli, baba akisema harakisha jua linatoka. Huko shambani wingu hutawanyika haraka, na nafuu kubwa iko hapo. Ghalani, magunia yanapohamishiwa kwenye mapipa ya plastiki ndani ya chumba kilichofungwa, nafuu hiyo haipo.

Göttingen ilikuwa na theluji iliyokanyagwa hadi ikawa kijivu. Kwenye uwanja wa soko, mbele ya ukumbi wa kale wa mji, kuna chemchemi yenye sanamu ya msichana mchunga mabata bukini, Gänseliesel, na desturi ni kwamba kila anayepata udaktari hapa hupanda juu kumbusu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maua yaliyokauka ya mhitimu fulani. Lichtenberg naye ana sanamu ya shaba hapohapo uwanjani, imesimama chini kabisa, bila jukwaa la kumwinua, na kwa sababu alikuwa mfupi wapita njia humpita kwa kimo. Nilipenda hivyo. Wakubwa wa mji huu wamewekwa juu ya mawe kiasi kwamba unaona viatu vyao tu.

Nyumba aliyoishi iko Gotmarstraße, hatua chache kutoka sokoni, kwa rafiki yake mchapishaji Johann Christian Dieterich. Leo ni nyumba ya sanaa. Vifaa vyake vingine vimehifadhiwa kwenye mkusanyo wa kitivo cha fizikia, nje kidogo ya katikati ya mji, na nilikuwa nimeomba miadi. Ipo pampu ya hewa aliyoagiza London, shaba na mbao, imetengenezwa kwa ufundi ambao ungeifanya ipendeze hata sebuleni. Wanafunzi walijaa kwenye mihadhara yake kwa sababu alifanya majaribio mbele yao badala ya kuwasomea. Alessandro Volta mwenyewe alifika mjini hapa mwaka 1784 kumtembelea.

Volta ndiye aliyekitangaza mwaka 1775 kifaa kinachoitwa elektrofori: bamba la utomvu uliogandishwa, ukilisugua linapata chaji, kisha unaliwekea mfuniko wa chuma na kuvuna cheche kila unapouinua. Lichtenberg, mtu wa kupenda kupita kiasi, alijitengenezea kubwa lenye upana wa karibu mita mbili. Utomvu wa namna hiyo ni jamaa wa sandarusi, ile iliyochimbwa mrima wetu na kusafirishwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19 kwa ajili ya vanishi za Ulaya na Marekani. Nayo ukiisugua kwa kitambaa hunyanyua vipande vya karatasi. Lichtenberg alipolipiga randa bamba lake liwe laini, vumbi la utomvu lilijaa chumbani, likatua kwenye kuta na vitabu. Siku zilizofuata, kila hewa ilipotikisika, vumbi lilishuka kwenye mfuniko. Kisha mara moja mfuniko ukiwa umening'inizwa darini, vumbi likaangukia bamba lenyewe, na halikulala sawasawa. Lilijipanga kuwa nyota ndogondogo, nyingi, mahali palepale cheche zilipokuwa zimegusa.

Mtu mwingine angepangusa. Yeye alilirudia jambo, akapiga cheche kwa makusudi, akanyunyiza vumbi, akapata nyota nyingine. Akagundua kwamba cheche chanya huacha umbo lenye matawi yanayogawanyika hadi ncha nyembamba, na hasi huacha duara zenye ukingo laini zisizo na matawi. Mwaka 1778 akachapisha matokeo kwa Kilatini, na humo alama za kujumlisha na kutoa zikatumika kwa aina mbili za umeme. Kila betri unayoitia kwenye tochi leo ina mkono wake.

Wiki iliyotangulia safari tulikuwa tumerudia jaribio hilo maabara, kwa mapishi ya wakati ule: salfa ya njano na unga wa risasi nyekundu, vikatikiswa pamoja ndani ya kitambaa chepesi. Risasi ni sumu, kwa hiyo tulivaa glavu na kufanyia ndani ya kabati linalofyonza hewa. Katika kutikiswa, poda hizo mbili husuguana, salfa ikatoka na chaji hasi na risasi na chanya. Tulikuwa tumegusa bamba la akriliki kwa ncha ya waya, sehemu moja kwa umeme chanya na nyingine kwa hasi. Kwa macho bamba lilikuwa tupu kabisa. Nikatikisa kitambaa juu yake, nikapuliza taratibu kuondoa ziada. Upande mmoja ikabaki nyota ya njano, upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, matawi yake yamejigawa na kujigawa tena hadi nikahitaji lenzi kuona mwisho. Upande wa pili duara nyekundu zimekaa zimeshibana. Njano yote imekwenda kwenye chanya, nyekundu yote kwenye hasi. Poda zilizokuwa zimechanganyika zimejichambua zenyewe bila mchekecho. Mwenzangu, ambaye amekwisha kuona mengi, aliita wengine waje.

Lichtenberg aliweza pia kuzihamishia nyota zake kwenye karatasi nyeusi iliyopakwa gundi, akazihifadhi. Ukifikiri vizuri, hiyo ni fotokopi. Ilichukua zaidi ya miaka 160 mtu mwingine kuifanya kwa makusudi: tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walipaka salfa kwenye bamba la zinki, wakaisugua kwa kitambaa ipate chaji, wakaimulika kwa taa kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza poda ya spora za likopodiamu. Maandishi yakatokea kwa vumbi. Kila steshenari ya Newala inayotoa kopi za vyeti inaendeshwa na jambo hilo: tona ni unga uliofundishwa kujichaji kwa alama moja tu, siku zote. Na tazama kilichokuwa juu ya bamba la kwanza. Salfa.

Kufundisha tona kumewezekana kwa sababu wenye viwanda wanadhibiti kila kitu, kemia, ukubwa wa chembe, hata unyevu wa ndani ya mashine. Unga wa kawaida hauko hivyo, na hapa ndipo fani yetu inapoona haya. Tangu 1757, Johan Carl Wilcke alipochapisha orodha ya kwanza ya vitu kwa mpangilio wa nani huwa chanya akisuguliwa na nani, tumekuwa tukiandika orodha mpya na kukuta hazikubaliani. Bado watu wanabishana kinachohama ni nini hasa: elektroni, ayoni, au vipande vidogo vya kitu chenyewe vilivyobanduka. Mbaya zaidi, hata kitu kimoja kikisuguana na chenzake cha aina ileile hujichaji. Katika mchanga na unga wa aina nyingi chembe ndogo huelekea kuwa hasi na kubwa chanya, jambo ambalo Daniel Lacks wa Cleveland na wenzake wamelichunguza kwa miaka. Mwaka 2014 huko Chicago, Scott Waitukaitis na wenzake walipiga picha za kasi za chembe zikianguka katika uga wa umeme wakathibitisha mgawanyo huo, kisha wakaonyesha kwamba elektroni zilizodhaniwa kuwa sababu yake ni chache mno kuufanya.

Waitukaitis sasa yuko Klosterneuburg, pembeni ya Vienna, na mwaka 2025 kundi lake lilitoa matokeo niliyoyasoma nikarudia kuyasoma. Walichukua vipande vya silikoni vilivyo sawa kabisa, wakavigusanisha. Mwanzoni matokeo yalikuwa vurugu, chanya leo hasi kesho. Baada ya miguso kama 200, vurugu ikatulia kuwa mpangilio, na kanuni ikawa hii: kipande kilichoguswa mara nyingi zaidi huwa hasi mbele ya kilichoguswa mara chache. Historia ya kipande ndiyo iliyoamua, si jina lake.

Kwangu lilikuwa jibu la fumbo la muhogo. Unga wangu wa muhogo ulikuwa ukisoma chanya asubuhi na hasi mchana, kwenye kopo lilelile, hewa ileile. Mfereji wa chuma tuliokuwa tukiusafisha kwa brashi ulibaki na utando wa unga uliopita, na chungu kilichopikiwa nguru hakikubali chai. Ukipitisha salfa kwanza, muhogo unaofuata haugusani tena na chuma. Unagusana na salfa. Tangu hapo tunaosha kwa spiriti na kuandika daftarini sio tu unga gani, bali unga gani ulitangulia.

Mchana niliingia kwenye mkahawa mmoja karibu na soko, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ubao wa mlangoni ulikuwa umeandikwa Kilimanjaro. Binti aliyekuwa kwenye mashine alipima buni, akachukua chupa ndogo ya kupulizia, akaipigia buni maji mara moja, akaitikisa, ndipo akaisaga. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bila hivyo kahawa inarukia kila mahali na kunata kwenye kinu. Ni mazoea ya kazi tu. Sikuweza kunyamaza. Mwaka 2023 Christopher Hendon, mkemia wa Chuo Kikuu cha Oregon, alishirikiana na Joshua Méndez Harper, mtu anayechunguza radi za volkano, kupima jambo hilohilo. Walikuta kwamba buni iliyokaangwa sana, ambayo imebakiwa na maji kidogo, hujichaji kwa nguvu na kwa alama hasi, ilhali ile iliyokaangwa kidogo huelekea chanya. Na kwamba tone la maji kabla ya kusaga hupunguza chaji, chembe zisigandamane, maji ya moto yakapita kotekote na kahawa ikatoka nzito zaidi. Binti alisikiliza kwa adabu. Kulikuwa na foleni nyuma yangu. Kahawa ilikuwa nzuri, ingawa kwa bei yake mkulima wa Kibosho angekaa chini kwanza.

Kaburi la Lichtenberg liko Bartholomäusfriedhof, makaburi ya zamani kaskazini ya mji, kati ya miti. Nilifika, nikasoma jina, vidole vikaniuma, nikaondoka.

Njiani kurudi stesheni nilikuwa nawaza ile robo ya unyevu. Viwanda vyetu vya pwani vimezoea kusema kwamba suala la umeme tuli ni la Wazungu, kwa sababu hewa yetu ina maji. Nimelisikia hilo kutoka kwa mafundi wenye uzoefu mkubwa, na nusu yake ni kweli. Maji hewani huacha utando juu ya chembe, na chaji hutoroka kupitia utando huo. Katika chumba chetu cha vipimo, ambamo unyevu unapandishwa na kushushwa kwa kitufe, muhogo uliosoma vikali kwenye hewa kavu ulikaribia sifuri nilipofika asilimia 70. Dona nayo hivyohivyo. Salfa haikujali sana. Salfa huyakataa maji. Utando haukai, na chaji inabaki palepale. Kwa hiyo unyevu wa Mtwara unaolinda kinu cha sembe haulindi ghala la salfa la jirani yake. Na hata hicho kinu cha sembe, siku kitakapofungwa mtambo wa kusukuma unga kwa hewa iliyobanwa na kukaushwa, kitakuwa kimeiingiza Januari ya Braunschweig ndani ya mabomba yake, nje jasho likiwatoka watu. Dodoma au Iringa wakati wa kiangazi wala hawahitaji mtambo.

Majedwali ya usalama tunayoagiza si mabaya. Mengi yamepimwa kwenye hewa kavu makusudi, ili yawe upande wa tahadhari. Lakini hakuna jedwali lenye muhogo uliokaushiwa juu ya mkeka Tandahimba, wala lenye salfa iliyokaa msimu mzima kwenye ghala la bati. Na hakuna linaloniambia kuhusu upande wa chini wa jani. Gharama ya makopo mawili na mita ni ndogo kuliko nauli yangu.

Nilimpigia baba simu treni ilipotoka Hildesheim.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo baridi haijakuua?"

Nilimweleza kuhusu salfa, kwamba hata hewa ikiwa na unyevu inabaki na umeme wake, na kwamba huenda ndiyo sababu mojawapo inashika jani vizuri. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza maabara.

"Sasa, nikipuliza alfajiri kuna umande. Nikipuliza jioni jani limekauka. Huo umeme wako unapenda ipi?"

Nikamwambia sijui, na kwamba huku siwezi kujua, maana huku hakuna mkorosho.

"Basi mwezi wa sita njoo na hivyo vikopo vyako," akasema. "Na utuletee barakoa za maana. Hizi za hapa zinapitisha."